Dakta Kadii Ngowa na Wagonjwa Wasioumwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dakta Kadii Ngowa ataufunga kwa mara ya mwisho mlango wa Idara ya Ukaguzi wa Ubora wa Masomo, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa akiwa mkufunzi wa uuguzi wa wodini, akapanda akawa mhadhiri, kisha akawa mtu ambaye wengi wetu hatukupenda kumwona akija bila kuitwa. Sherehe ya kumuaga itafanyika katika ukumbi mkuu. Yeye mwenyewe amekwisha kuuliza ni nani aliyeipanga, na kwa nini.

Alipoarifiwa kwamba jarida hili lingechapisha wasifu wake, hakufurahi wala hakukasirika. Alitaka kujua ni watu gani walioombwa kuuandika wakakataa. Alijibiwa kwamba hakuna aliyekataa. Hakuliamini jibu hilo, na kwa hakika hakukosea.

Dakta Kadii alizaliwa Vitengeni, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na mihogo. Alisomea stashahada ya uuguzi, akahudumu katika wodi za serikali hapa Malindi na Kilifi, kisha akajiendeleza hadi shahada ya uzamivu. Utafiti wake ulihusu jinsi wanafunzi wa uuguzi wanavyonawa mikono wanapojua kuwa wanatazamwa, na jinsi wanavyonawa wanapodhani kuwa wako peke yao. Wanaomjua husema kwamba tangu aupate ukweli wa jambo hilo, hajakula tena katika mkahawa wa hospitali yoyote.

Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba kilichoandikwa katika mtaala ndicho kinachofundishwa, na kwamba kinachofundishwa ndicho mgonjwa anachokipata. Aliifanya kwa kutomwamini mtu. Akitangaza kwamba atakagua siku ya Jumatano, alifika Jumanne, au alisubiri hadi Alhamisi, watu walipokwisha kupumua. Akiingia darasani alinusa kwanza. Harufu ya rangi mbichi ilimkasirisha kuliko ukuta uliochakaa. Wakati mmoja alialikwa kukitathmini chuo kingine, ambacho ni vyema tusikitaje, kilichodai kwamba wanafunzi wake hudunga sindano kila wiki katika sanamu la mafunzo. Dakta Kadii aliliendea lile sanamu kitandani, akalikuta bado limevikwa nailoni liliyotoka nayo kiwandani. Aliwageukia wenyeji wake akasema, "Huyu hajawahi kuugua." Chakula cha mchana kilichoandaliwa siku ile hakukila.

Mtu wa namna hiyo hapendwi. Alipoingia katika chumba cha walimu, mazungumzo yalihamia ghafla kwenye hali ya hewa. Baadhi yetu tuliamini kwamba hupeleka habari Nairobi. Wengine walishuku kwamba anatafuta cheo cha mkuu wa chuo, na walipoona kwamba hakitafuti, wakashuku zaidi. Bwana Peterson Ngumbao, aliyekuwa na bado ndiye mkuu wa shahada ya uuguzi na tiba shufaa, ndiye aliyesema kwamba Dakta Kadii akifika peponi atauliza kwanza milango ilipakwa rangi lini. Maneno hayo yalimfikia mwenyewe. Alisema kwamba swali hilo ni la haki.

Ni hao wawili, Dakta Kadii na Bwana Ngumbao, waliogongana katika jambo ambalo bila shaka ndilo kubwa zaidi katika utumishi wake, na ambalo limesimuliwa humu chuoni kwa njia nyingi zisizo sahihi. Ni wajibu wetu kulieleza inavyostahili kabla mhusika hajaondoka.

Tiba shufaa, kwa wasomaji wetu walio nje ya fani hii, ni uuguzi wa mtu ambaye maradhi yake hayaponi tena. Muuguzi hatafuti kumponya. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mgonjwa haumwi, hadhalilishwi na haachwi peke yake. Miaka mitatu iliyopita, kundi letu la kwanza la shahada hiyo lilikuwa linakaribia kuhitimu. Sheria ilitaka chuo kijitathmini chenyewe, kisha wakaguzi wa nje waje kuithibitisha tathmini hiyo. Pasipo uthibitisho, mahafali yasingekuwapo na shahada yenyewe ingefungwa. Wazazi, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kualika watu.

Kipimo kikuu kilikuwa maumivu. Kwa mwaka mzima wanafunzi walikuwa wakiwazuru wagonjwa majumbani, kuanzia Mnarani hadi Gongoni na bara hadi Ganze, wakimuuliza kila mgonjwa jinsi anavyoumwa na kuyapima maumivu hayo kuanzia sufuri hadi kumi. Bwana Ngumbao aliyasoma matokeo mbele ya seneti ya chuo kwa sauti ya mtu aliyeoa jana. Karibu wagonjwa wote, wengi wao wakiwa na saratani iliyokwisha kuenea, walikuwa na sufuri. Waliobaki walikuwa na moja.

Wajumbe walipiga makofi. Dakta Kadii aliomba nafasi ya kusema.

"Bwana Ngumbao, wagonjwa hawa wana saratani au wana mafua?"

"Wana saratani, Daktari," Bwana Ngumbao alimjibu. "Na wana wauguzi wazuri."

Watu walicheka, na kikao kikafungwa kwa furaha. Lakini Dakta Kadii alikuwa ameuguza wodini kwa miaka mingi, na hakuwahi kuona saratani isiyouma. Alikata shauri kwamba wanafunzi walikaa mahali chini ya kivuli wakayaandika majibu kutoka vichwani mwao, na kwamba mkuu wao alijua. Hakulificha wazo hilo. Alimwambia Bwana Ngumbao ana kwa ana kwamba anaishuku ripoti yake kuwa ni ya kubuni. Kuanzia siku hiyo hawakuamkuana.

Uchunguzi wake ulikuwa wa kuudhi. Alikwenda Gongoni akawahoji vijana wa bodaboda kama kweli waliwabeba wanafunzi waliovaa sare zetu. Walikiri kwamba waliwabeba, na mmoja akataja hata mwanafunzi aliyeteremka kwa hofu njiani akatembea kwa miguu. Dakta Kadii alishuku kwamba wamefunzwa la kusema. Aliwahoji wenye maduka, akawahoji majirani, akamhoji mzee mmoja wa kanisa ambaye alidhani anatafutiwa mchumba. Wote walisema lilelile: watoto walikuja, walikaa, waliuliza kwa adabu. Kadiri walivyokubaliana ndivyo shaka yake ilivyozidi, kwa kuwa hakuwahi kuona Malindi watu kumi wakikubaliana juu ya jambo lolote.

Mwishowe aliamua kwenda kuona kwa macho yake. Asubuhi moja alimchukua mwanafunzi wa mwaka wa nne, Trizah Musyoka, binti wa mfanyakazi wa viwanda vya chumvi vya Gongoni, bila ya kumpa nafasi ya kumwarifu mtu. Walikwenda Mambrui, kwa Bi. Kibibi Omar, mama mtu mzima aliyekuwa na saratani iliyoshika mifupa. Trizah hakusema neno njiani. Dakta Kadii alikichukulia kimya hicho kuwa ni dalili ya hatia.

Bi. Kibibi alikuwa amelala ukumbini juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa leso safi. Binti yake, Hafswa, aliwakaribisha, akawaletea kahawa na kaimati. Trizah alivua viatu, akapiga magoti, akatoa shikamoo yake kwa utaratibu, akaulizia watoto na wajukuu na jirani aliyejifungua. Kisha akauliza hali.

"Njema, mwanangu," alisema Bi. Kibibi. "Alhamdulillahi."

Trizah alimuuliza kama anaumwa popote. Bi. Kibibi alisema hajambo, hana neno, anamshukuru Mola. Trizah akaandika sufuri.

Dakta Kadii alikuwa ameketi pembeni, na kwa mara ya kwanza shaka yake ilikosa pa kushika. Mwanafunzi hakudanganya. Alifika, aliuliza, alijibiwa, akaandika alichojibiwa. Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomsumbua. Bi. Kibibi hakugeuza kichwa kumtazama mtu aliyemsalimia, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeikamata kamba ya kitanda kama mtu aliye juu ya lori lenye kasi.

Waliaga, wakaondoka. Walipofika penye duka la pembeni mwa msikiti, Dakta Kadii alimwambia Trizah amngoje, akarudi kwa kisingizio kwamba amesahau miwani. Miwani ilikuwa ndani ya mkoba wake. Hakupitia mlango wa mbele ambako wageni hukaribishwa. Alizunguka akaingilia uwani, kama waingiavyo wanawake wa mtaa, na kabla hajabisha hodi alimsikia Bi. Kibibi akiugua kwa sauti ambayo muuguzi yeyote huijua hata baada ya kustaafu. Hafswa alikuwa akimkanda mgongo kwa kitambaa cha moto.

Hafswa alipomwona aliona haya. Dakta Kadii alimuuliza mgonjwa kwa nini alimwambia mwanafunzi kwamba hajambo. Bi. Kibibi alipumzika kwanza ndipo akajibu.

"Mtoto wa watu amekuja na jua lote hili. Amenipa shikamoo, amenishika mkono, ameniulizia hadi wajukuu. Nimwambie naumwa, aende kwao na huzuni kwa sababu yangu?"

Hafswa aliongeza, akiendelea kukanda, "Mgeni akikuuliza hali, wamjibu njema. Ndivyo tulivyolelewa, dada. Kwani nyinyi kwenu mwajibuje?"

Kwao Dakta Kadii, Vitengeni, hujibiwa vivyo hivyo. Alimuuliza Hafswa kama hospitali haikuwapa dawa. Hafswa alifungua kabati akamwonyesha chupa ya morfini ya maji ambayo kizibo chake hakijavunjwa. Walikuwa wameambiwa waianze siku ambayo wanafunzi watakuta maumivu yamepanda. Kwa mujibu wa wanafunzi, maumivu hayakuwa yamepanda hata siku moja.

Alimpigia simu daktari wa hospitali aliyemhudumia Bi. Kibibi, akapata idhini, kisha akamwita Trizah kutoka dukani. Safari hii alimwingiza kwa mlango wa uwani, akamwambia asisalimie. Alimtaka atazame vidole, aulize kama mgonjwa ameweza kugeuka kitandani tangu alfajiri, aulize ni nani aliyemtia udhu na ilichukua muda gani. Hafswa ndiye aliyejibu zaidi, na kila alipojibu mama yake alimwangalia kwa jicho la kumkanya. Trizah alipomaliza aliandika nane. Alipima dawa mbele ya mwalimu wake, akampa mgonjwa, wakakaa. Hawakuondoka hadi vidole vilipoiachia kamba na Bi. Kibibi akapata usingizi.

Njiani kurudi, Trizah ndiye aliyeanza kusema. Alieleza kwamba katika mwaka wa pili, kwenye mtihani wa vitendo, alimuuliza mgonjwa panapouma kabla ya kumaliza salamu. Mtahini alimnyima alama, akamwambia mbele ya wenzake kwamba hana malezi.

"Nilisahihishwa, Daktari," alisema. "Nikajifunza."

Hapo ndipo Dakta Kadii alipoelewa kosa lilipo. Katika chuo chetu salamu nzuri zilikuwa na alama zake katika kila mtihani wa uuguzi wa nyumbani, na sisi wahadhiri tulijivunia jambo hilo. Tulikuwa tukiwafunza vijana kuuliza maumivu kwa pumzi ileile ya kuulizia hali, kisha tukashangilia tulipopewa jibu ambalo kila mtu wa pwani hii humpa mgeni aliye kizingitini. Mtaala ulioandikwa ng'ambo usingeweza kulitabiri jambo hilo. Sisi tuliozaliwa hapa hatukuliona kwa sababu na sisi hujibu hivyo.

Kikao kilichofuata cha seneti kilijaa. Wengi walikuja kuona nani ataaibika. Dakta Kadii alisimama akasema maneno ambayo yamehifadhiwa katika kumbukumbu za kikao.

"Nilimshuku Bwana Ngumbao kwa udanganyifu. Hakudanganya, wala wanafunzi wake hawakudanganya. Namwomba radhi mbele yenu. Lakini ripoti yake imepima adabu ya wagonjwa, haikupima maumivu yao. Napendekeza kundi hili lisihitimu mwaka huu."

Ukumbi ulichafuka. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini mkaguzi wa chuo anakuwa adui wa chuo. Mwingine alitaka kujua ametumwa na nani. Bwana Ngumbao, ambaye ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kukasirika, aliuliza swali moja tu.

"Huyo mama alipewa dawa?"

"Alipewa," alisema Dakta Kadii. "Na Trizah."

Bwana Ngumbao aliunga mkono pendekezo hilo, na likapita kwa tofauti ya kura chache.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Wazazi walikusanyika langoni. Mmoja wao, mkulima wa Ganze aliyekuwa amenenepesha ng'ombe kwa ajili ya sherehe ya binti yake, alimvizia Dakta Kadii mlangoni pa ofisi akamuuliza kama amwambie ng'ombe angoje. "Mwambie," alisema Dakta Kadii, akaingia ndani. Yalienea maneno kwamba ameahidiwa kazi katika chuo shindani iwapo shahada yetu itafungwa. Aliyasikia, akaagiza wanaoyaeneza wamletee jina la chuo hicho, kwa kuwa alitaka kukikagua.

Wakati huo huo kundi zima lilirudi majumbani. Wanafunzi walifundishwa upya kwamba salamu ni wajibu, lakini baada ya salamu huondoki hadi umekwisha kuwa si mgeni. Walikaa hadi kikombe cha pili cha kahawa. Kwa wenyeji wa bara waliketi na wanawake wakipukuchua mahindi, wakasikia huko mambo ambayo mwenye nyumba hakuyasema ukumbini. Waliulizia usingizi, swala, kuinuka, kugeuka. Waliangalia mikono. Matokeo yalipokusanywa yalikuwa ya kutisha: saba, nane, tisa. Wiki kwa wiki, dawa zilipotumika, yalianza kushuka.

Wakaguzi wa nje walifika, na kiongozi wao alizisoma tarakimu zile kwa uso wa kutoridhika. Aliuliza kama chuo kimejipaka matope makusudi ili kionewe huruma. Alitaka kupelekwa kwenye nyumba atakazozichagua mwenyewe, siku atakayoichagua mwenyewe. Dakta Kadii alitwambia baadaye kwamba huyo alikuwa mtu mwenye akili, na hatukumbuki kumsikia akimsifu mtu mwingine kwa namna hiyo. Baada ya ziara zao, shahada ilithibitishwa. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka uliofuata, na ng'ombe wa Ganze, tunavyoarifiwa, alikuwa amenona zaidi.

Bi. Kibibi hakuyaona mahafali hayo. Alifariki nyumbani kwake Mambrui, akiwa ametulia. Hafswa alituambia kwamba katika wiki zake za mwisho mama yake alilalamika juu ya kila kitu, hata juu ya kahawa, na kwamba nyumba nzima ilifarijika kumsikia.

Utaratibu ule sasa ni sehemu ya mtaala wetu, na vyuo vingine vimekuja kujifunza kwetu. Katika tathmini zake zote zilizofuata, Dakta Kadii hakuwahi kuandika kwamba shahada hii ni nzuri. Aliandika kwamba "inafaa kwa sasa." Bwana Ngumbao alikuwa amezoea, na hakutarajia zaidi ya hapo.

Mwaka jana mama mzazi wa Dakta Kadii aliugua huko Vitengeni, ugonjwa usio na tiba. Dakta Kadii hakumweleza mtu hapa kazini. Bwana Ngumbao ndiye aliyegundua, alipokuwa akiwakagua wanafunzi wa upande wa Ganze, akamkuta Trizah Musyoka, aliyehitimu katika kundi lile na ambaye sasa ni muuguzi wa zahanati ya huko, akitoka katika boma la kina Ngowa na mkoba wa dawa. Nduguze Dakta Kadii walikuwa wametaka mama apelekwe Mombasa kwa wauguzi wenye sifa kubwa. Ni yeye aliyekataa, na ni yeye aliyemtaka Trizah kwa jina.

Bwana Ngumbao aliporudi alimuuliza kwa nini, baada ya kuishuku shahada yetu miaka yote hii, amemkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wetu. Dakta Kadii alifikiri kidogo, kama afanyavyo kabla ya kutia sahihi.

"Mimi mama huniambia ni mzima," alisema. "Trizah, mama humwambia panapouma."

Dakta Kadii, ahsante kwa miaka ishirini na tisa ya kutotuamini, na kwa wagonjwa waliolala usingizi kwa sababu hiyo. Jumuiya nzima ya chuo inakuombea safari njema ya Vitengeni, mikono myepesi kando ya kitanda cha mama, na siku nyingi za utulivu ambazo hakuna mtu atakayekuja kuzikagua.